Mikono Yenye Adabu

Kuna watu wanaoona wivu kwa ajili ya mume, wengine kwa ajili ya nyumba au gari. Mimi niliona wivu kwa ajili ya bega. Lilikuwa bega la kulia la mama yangu, ambalo amebebea majani ya ng'ombe tangu kabla sijazaliwa, na aliyelikanda mpaka likalegea si mimi mwanawe niliyesomea kazi hiyo na kupewa cheti. Ni msichana mwenzangu niliyesoma naye. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu wa kudhani kwamba nitajifanya mwema. Wivu ule ulikuwa unaniamsha usingizini, na hata leo ukinikuna kidogo tu utaukuta.

Tulisomea masaji Arusha mjini, katika chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya umeme. Kulikuwa na vitanda, mchoro mkubwa wa misuli ukutani, na harufu ya mafuta iliyotufuata mpaka kwenye nguo za kanisani. Mazoezi tulifanya kwa kukandana wenyewe. Mwenzangu na mimi tulipangwa pamoja kwa kuwa vimo vyetu vililingana, kwa hiyo mgongo wake naujua kuliko migongo ya ndugu zangu. Yeye alitoka upande wa Ngaramtoni, kwa watu wanaofuga na kulima. Mimi natoka upande wa pili wa mlima, kwenye migomba na kahawa. Tulipendana haraka. Tulipomaliza tukaitwa pamoja kwenye usaili wa hoteli moja ya watalii, njia ya kwenda Momela, na wote wawili tukapata. Jina lake lilisomwa kwanza, nami nikapiga vigelegele kabla sijasikia la kwangu. Hilo nalo liwekwe kwenye mizani.

Nyumbani hapakupigwa vigelegele. Mama alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

"Kwa hiyo umesoma ili ukashike watu," alisema.

"Kukanda, mama. Ni kazi ya afya."

"Wanavua nguo?"

"Wanajifunika shuka."

"Kwa hiyo wanavua."

Neno masaji alilijua kutokana na vile vyumba vya mjini vyenye pazia zito mlangoni, ambavyo wachungaji huvitaja kwenye mahubiri bila kusema viko mtaa gani. Nilimweleza habari za misuli na mishipa, na za wapanda mlima wanaoshuka Meru huku magoti yamegoma. Alisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza matangazo ya usharika, kisha akaniambia nikawanyweshe ng'ombe maji. Kinamama wa kwaya walipomwuliza mwanao siku hizi yuko wapi, alijibu, "Yuko hotelini," na hapo hapo akaanzisha wimbo.

Basi ndani yangu nikajiwekea neno. Siku moja mama atalala kifudifudi mbele yangu, nitamtoa yale maumivu ya bega, atainuka, atazungusha mkono, na atasema, "Kumbe." Sikuhitaji zaidi ya hilo. Mshahara ungekuja wenyewe.

Kazi yenyewe ilianza kwa aibu. Mgeni wangu wa kwanza alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi tupu, mkubwa kuliko mama yangu. Nilipoingia alikuwa ameshalala na shuka yake, nami nikajikuta nimeuambia mgongo wake shikamoo. Mgongo haukuitikia. Nikapaka mafuta, nikaanza pale chuo kilipotufundisha kuanzia, nikapanda, nikashuka, nikajiona ninaendelea vizuri. Baada ya muda mzuri yule mama akainua kichwa na kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nitaanza sasa hivi au tunasubiri mtu.

Shida ilikuwa hii. Vijana niliwakanda vizuri, tena sana. Kijana aliyeshuka mlimani na mapaja yamekaza kama kamba ya mbuzi, mimi nilimfungua. Lakini nikiona mvi, vidole gumba vyangu vinaishiwa nguvu. Nimelelewa nyumba ambayo mtu mzima humpi kitu kwa mkono mmoja, humpiti mbele, na ukimsalimu unainama mpaka uone viatu vyake. Sasa mtu wa umri ule nimbonyeze kwa kiwiko? Nilimpangusa tu, kama ninafuta vumbi kwenye kabati la sahani. Na wenye mvi ndio wenye maumivu ya mgongo. Vijana wengi walikuwa wanakuja kupiga picha na taulo.

Dada msimamizi wetu aliniita pembeni. "Mikono yako ina adabu mno," aliniambia. "Mgeni hajapanda ndege kuja kuheshimiwa mgongo."

Chumba cha pili, ukutani kwangu kabisa, mwenzangu alikuwa anawafanya wazee wa watu wagune. Nilisikia kila kitu. Mzee anaguna, anatulia, anakoroma. Halafu anatoka amenyooka, anamshika mkono mwenzangu kwa mikono yake miwili. Muda si mrefu wageni wakaanza kuuliza pale mapokezi kama yule mwingine ana nafasi. Mimi nikawa yule ambaye siye. Tukienda kula, nilikuwa ninaviangalia vidole gumba vyake anavyomega navyo ugali. Vilikuwa vifupi, bapa, vya kawaida tu. Mwenyezi Mungu alikuwa amempa vya kawaida, hilo ndilo lililoniuma.

Siku moja nilimwuliza anawezaje kumbonyeza mzee namna ile bila aibu. Akacheka.

"Mimi nimelelewa na koko," alisema. Koko kwao ni bibi. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, akabaki na bibi. "Koko alikuwa analala chini, ananiambia panda. Nampanda mgongoni na miguu. Nilipokua kidogo nikaanza kumkanda kwa mafuta ya kondoo. Nisipobonyeza ananitukana, namtukana na mimi. Bibi na mjukuu bwana, ni utani mtupu."

Bibi zangu wote wawili walikufa sijazaliwa. Sikuwahi kuwa na mtu mzima wa kumpanda mgongoni. Nilikaa pale na bakuli la maharage nikamwonea mwenzangu wivu wa bibi, tena bibi aliyekwisha kufa, na mafuta yake ya kondoo. Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Mimi nilimaliza maharage.

Nikaona dawa ni kuanza na mama. Nikimweza mama, nitamweza mzee yeyote duniani. Siku yangu ya mapumziko nilipanda nyumbani na chupa ya mafuta niliyonunua mwenyewe. Mama alikuwa ametoka kukata majani, mkono wa kulia ameushikilia kwa wa kushoto kama mtoto wa jirani. Nilipasha mafuta kwenye maji ya moto. Nikatandika godoro chumbani kwake, nikaweka kanga safi, nikafunga dirisha.

"Mama, njoo nikukande hilo bega. Vua blauzi, ulale hapa."

Alisimama mlangoni akaliangalia godoro, akaniangalia mimi. Sijamwona akiniangalia hivyo tangu nilipovunja chungu cha mama yake.

"Nivue? Mbele yako?"

"Mgongo tu, mama."

"Mgongo wangu umekubeba wewe, sasa unataka uuone?" Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa ananifundisha, kama mtoto aliyetaka kula kabla ya sala. "Mzazi havui nguo mbele ya mtoto aliyemzaa. Hiyo ni laana, na haikupati wewe peke yako, inafika mpaka kwa watoto wako."

"Kazini nakanda wamama wa watu kila siku."

"Hao hawakukuzaa."

Nikamwambia akae na blauzi yake basi, nimkande juu ya nguo. Akakaa, nikaweka mikono. Alijikaza mwili mzima kama ng'ombe anayechomwa sindano, na mimi nami vidole vikaniishia nguvu, tukabaki hivyo, mimi nimeshika bega la blauzi. Mwishowe alinyanyuka akasema chai itachemka imwagike. Chai ilikuwa haijabandikwa.

Sikumlaumu, maana nayajua ya kwetu. Lakini nilishuka nikiwa nimenuna, na chupa yangu ya mafuta niliiacha kwake kwa hasira.

Sasa fikiria. Jumapili moja mwenzangu akaomba twende wote nyumbani, apaone. Alimsalimu mama, "Shikamoo, yeyo," maana kwao mama ni yeyo, na mama akaipenda sana ile yeyo. Wakaongea mahindi, wakaongea ng'ombe. Mama akaenda kuinua sufuria ya loshoro, yale mahindi ya maziwa ya mgando, akakunja uso.

"Yeyo, bega hilo tangu lini?" mwenzangu akauliza.

"Ah, la siku nyingi, mwanangu."

"Hebu twende ndani nikuone."

Nami nikangoja kwa raha zote mama amfundishe habari ya laana. Mama akafuta mikono kwenye kitenge, akaingia naye chumbani. Kabla ya kufunga mlango akatoa kichwa. "Zile ndizi hazijamenywa," aliniambia. "Na ile chupa yako ya mafuta iko wapi? Ah, hii hapa."

Likakandwa bega la mama yangu kwa mafuta yangu, nami niko nje namenya ndizi mbichi. Anayejua ndizi mbichi anajua utomvu wake. Unaganda mikononi, unakuwa mweusi, hautoki kwa sabuni. Kupitia mlangoni nilimsikia mama akiguna vile vile kama wageni. Nikamsikia akisema, "Hapo, hapo hapo." Kisha nikasikia kicheko. Mama yangu hucheka kwa nadra, na akicheka hufunika mdomo. Kicheko kile hakikufunikwa. Nikamenya ndizi nyingi kuliko zilizohitajika, mpaka mtu angedhani tuna msiba.

Alipotoka, shingo ilikuwa imelegea na uso umemwagika kama wa mtu aliyelala mchana. Akazungusha mkono wa kulia. Akauzungusha tena. Akasema, "Kumbe."

Neno langu lile lile nililojiwekea. Alimwambia mtu mwingine, mbele yangu, na mikono yangu ni myeusi.

Mwenzangu aliondoka na mkungu wa ndizi na parachichi za kuchagua. Tangu siku hiyo mama akipiga simu, salamu za kwangu zilikuwa fupi. "Mwenzako hajambo? Mwenzako anakuja lini?" Kinamama wa kwaya nao wakapata habari. Mwisho wakawa wanamtaja kama fundi, na mama akasema kwa sauti, bila kuanzisha wimbo, kwamba kazi ile ni ya afya na mtu anaisomea. Niliyesema hivyo kwanza ni mimi, kwenye maharage, na nikatumwa kwa ng'ombe.

Nilijaribu kumchukia mwenzangu, nikashindwa kazi. Alikuwa ananiwekea chai. Nikiwa na mgeni mzee alikuwa anapita koridoni anagonga ukuta kwa kidole, maana yake bonyeza. Mtu wa namna hiyo humchukii, unabaki kumwonea wivu tu, na wivu usio na chuki ni mzigo, maana huna pa kuutua.

Mwaka uliofuata aliolewa na dereva wa magari ya watalii, wakapanga Ngaramtoni, na mwaka haukuisha akajifungua mtoto wa kike. Nilipiga simu nyumbani kumpa mama habari. Alishukuru Mungu.

"Nani anamkanda?" aliuliza.

Mwanamke akijifungua lazima akandwe kwa maji ya moto, mgongo, kiuno na tumbo, asubuhi na jioni, na kazi hiyo ni ya mama yake au mama mkwe. Mwenzangu mama hana, koko amekufa, na mama mkwe yuko Singida na miguu mibovu. Nilimweleza mama hayo yote bila kufikiri. Kesho yake alikuwa ameshawaachia majirani ng'ombe, amefunga vitenge kwenye begi, amechukua ndizi za kumpikia mzazi supu ya mtori, na ameenda Ngaramtoni kuwa mama wa mtu.

Huku hotelini nikabaki peke yangu. Wageni wote wakawa wangu, wenye mvi na wasio na mvi, kwa kuwa hapakuwa na yule mwingine. Nilikuwa nimelitamani hilo tangu mwanzo, na sasa lilikuja kama chakula kilichopoa. Nilikuwa ninakanda mgongo wa bibi wa watu huku nawaza, saa hizi mama anamchemshia maji. Saa hizi anamkorogea mtori. Mimi sijazaa, siwezi kukandwa. Na mama ni mama, siwezi kumkanda. Kila mlango ulikuwa umefungwa, na ndani ya kila mlango alikuwamo mwenzangu.

Siku ya mapumziko nilikwenda kuwaona. Nilibeba zawadi ya mtoto na uso wa kanisani. Nilipofika uani nilisikia kelele kwanza. Mwenzangu, yule wa kugunisha wazee, alikuwa analia, "Yeyo, basi! Yeyo, inaunguza!" Mama akamjibu, "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Geuka."

Nilichungulia. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye kigoda amejifunga kanga. Mama alikuwa amepiga goti nyuma yake. Anachovya taulo kwenye ndoo inayotoa moshi, anakamua kwa mikono mitupu, anaikandamiza kiunoni kwa uzito wake wote. Hakuwa na huruma hata chembe. Nilikuwa sijawahi kuiona mikono ya mama ikifanya kazi juu ya mgongo wa mtu. Kiganja kilisimama imara, bega lile bovu likasukuma kutoka nyuma, na kidole gumba kilizama bila kuomba ruhusa. Nikasimama pale mlangoni na zawadi yangu, nikatamani nizae hata leo.

Alipomaliza alimfunga mwenzangu tumbo kwa kitenge, akamlaza na mtoto, akatoka nje. Alikaa kwenye benchi ukutani. Nikamletea chai. Akaishika bilauri kwa viganja viwili, kama watoto wanavyoshika kikombe, na ndipo nikaona kwa nini. Vidole vilikuwa vimevimba, ngozi imekuwa nyekundu na laini kwa maji ya moto, na havikunjiki. Chai aliiweka chini bila kuinywa.

Nikakaa karibu naye. Nilikuwa nimejipanga kusema kitu cha kuchoma, nilikitunga njia nzima. Mama akapanua mikono yake, akaitazama, kisha akaninyooshea mkono wa kulia.

"Haya," alisema. "Hapa hamna nguo ya kuvua."

Sikuwa na mafuta. Nikachota samli kidogo kutoka jikoni kwa mwenzangu, nikapiga goti mbele ya mama, nikaupokea ule mkono kwa mikono yangu miwili, kama nilivyofundishwa kupokea kitu cha mtu mzima. Nikaanza.

"Unanipangusa," akasema mama.

Nikaongeza kidogo.

"Wewe mtoto. Hao wageni wanakuvumiliaje? Bonyeza. Mimi si yai."

Nikabonyeza. Nilizamisha kidole gumba katikati ya kiganja chake, pale kwenye sugu za panga na jembe, nikasukuma kutoka begani kama nilivyomwona akisukuma yeye dakika chache zilizopita. Akaguna. Mguno ule nilikuwa nimeusikia ukipita kwenye ukuta wa hoteli na mlango wa chumba cha mama, na sasa ulitoka mbele ya uso wangu, pamoja na pumzi ya mtori. Machozi yakanijaa machoni. Nikainamisha kichwa nisimpe faida.

"Mwenzako anabonyeza zaidi," alisema, amefumba macho.

"Najua, mama."

"Lakini usiache."

Nilikanda kidole kimoja kimoja mpaka kila kimoja kikakubali kukunjika. Kisha kifundo cha mkono. Kisha nikavuka kwenda mkono wa pili, ambao aliuleta mwenyewe bila kuombwa. Kuku walipita, hatukuwafukuza. Mama alikuwa ameegemea ukuta, mdomo umefunguka kidogo.

Ndani mtoto akalia. Mwenzangu akaita, "Yeyo! Yeyo, njoo umwangalie huyu!"

Ule wivu wangu ukainua kichwa, kama mbwa aliyesikia mgeni. Nikalegeza mikono, nikasubiri mama anyanyuke aende kwa mwanawe mwingine. Hakunyanyuka. Wala hakufumbua macho.

"Subiri," alijibu. "Mwanangu hajamaliza."

Kusema kweli nilikuwa nimeshamaliza. Nikaanza upya kwenye kidole gumba.